Je vais, tu vas, il va: kuweka kitenzi cha Kifaransa katika futur proche

Chukua neno moja la Kiswahili, nitamwona, ulikate vipande: ni, ta, mw, ona. Sasa andika Kifaransa chini yake: je, vais, le, voir. Vipande vinne juu, vipande vinne chini, na mpangilio ni uleule. Mtenda anatangulia, alama ya wakati inafuata, anayetendewa anaingia katikati, kitendo kinakuja mwisho. Mwanafunzi wa Bukavu anayelalamika kwamba futur proche ni ngumu amekuwa akiisema kwa Kiswahili tangu utotoni. Mistari mingi myekundu kwenye daftari lake inatoka mahali pachache ambapo lugha hizi mbili zinaachana, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Shika sura sita za aller

Futur proche ina sehemu mbili tu: kitenzi aller (kwenda) katika présent (wakati uliopo), kisha kitenzi chako kikiwa infinitifu. Kinachobadilika ni aller peke yake.

je vais
tu vas
il, elle, on va
nous allons
vous allez
ils, elles vont

Zisome kwa sauti mpaka ulimi uzizoee, kisha ziandike, maana sikio halitakusaidia kwenye vas na va. Zinasikika sawa, lakini tu inadai s mwishoni na il haiitaki. Vais nayo ina s, si t. Anayeandika "je vait" ameichanganya na fait.

Ugumu unaanza pale mtenda asipokuwa neno fupi kama je au nous. Kwa Kiswahili tunasema watu wote wataondoka, wingi mtupu. Kifaransa kinasema tout le monde va partir, umoja. Vivyo hivyo la police va venir, ingawa sisi tunasema polisi watakuja, na la famille va manger hata kama mezani wako kumi na wawili. Lakini les gens vont partir ni wingi, na la plupart des élèves vont réussir pia. Unapokutana na Furaha et moi, jiulize kwa Kiswahili ni nani hao: ni sisi. Basi Furaha et moi allons voyager. Bahati et toi ni ninyi: Bahati et toi allez rester.

Neno on lina maana ya sisi mara nyingi katika mazungumzo, ila daima linachukua va: on va manger. Kuandika "on vont" au "on allons" ni kuhesabu watu badala ya kusoma neno.

Halafu kuna heshima. Kwa Kiswahili mtoto anamwambia mwalimu "mwalimu, utakuja kesho?" na hakuna anayekasirika, kwa sababu heshima iko kwenye neno mwalimu, siyo kwenye u-. Kifaransa kinaiweka heshima ndani ya kitenzi. Ukimwambia mkubwa "Monsieur, tu vas venir demain ?" umemfanya rafiki yako wa mtaani. Sema vous allez venir, hata kama amesimama peke yake mbele yako.

Hatua ya 2: Tafuta infinitifu

Infinitifu ni umbo la kamusi, ndugu wa ku- yetu: kula, manger, kumaliza, finir, kuuza, vendre, kupokea, recevoir. Miisho ni minne: -er, -ir, -re na -oir.

Zoezi la darasani mara nyingi linakupa sentensi ya présent na kukuambia uiweke katika futur proche. Hapo kitenzi kimevaa nguo nyingine, na usipolijua jina lake utakwama kabla hujaanza. Vile vinavyotesa zaidi ni hivi:

j'ai: avoir
je suis: être
je fais: faire
je peux: pouvoir
je veux: vouloir
je dois: devoir
je sais: savoir
je vois: voir
je bois: boire
je crois: croire
je reçois: recevoir
je viens: venir
je prends: prendre
je mets: mettre
je dors: dormir
il pleut: pleuvoir
il faut: falloir

Angalia boire na croire: zina e mwishoni, ilhali voir, savoir na avoir hazina. Zinasikika sawa kabisa, kwa hiyo hakuna njia ila kuzikariri.

Vitenzi kadhaa vya -er vinabadilisha tahajia katika présent na kurudi nyuma katika infinitifu. J'achète ina kilemba juu ya e, acheter haina. J'appelle ina l mbili, appeler ina moja. Je jette ina t mbili, jeter ina moja. J'envoie inakuwa envoyer, kwa y. Anayenakili kitenzi kama kilivyo kwenye sentensi ya kwanza na kubandika -er mwishoni atapata "achèter" na "appeller", maneno ambayo hayapo.

Kama sentensi tayari ina vitenzi viwili, unageuza kile kilichokuwa kimebadilika tu. Je peux venir inakuwa je vais pouvoir venir. Il veut partir inakuwa il va vouloir partir. Wengi wanakitupa pouvoir na kuandika je vais venir. Ni Kifaransa kizuri, lakini uwezo uliokuwa kwenye sentensi umepotea, na mwalimu ataona.

Hatua ya 3: Unganisha

Je vais acheter. Tu vas finir. Elle va vendre. Nous allons manger. Vous allez recevoir. Ils vont partir. Kitenzi cha pili hakisogei, awe nani anayetenda.

Kosa linalotokea hapa ni kukunja vitenzi vyote viwili: "nous allons mangeons", "ils vont partent". Mwanafunzi anaona watu ni wengi na anataka kila neno liwaonyeshe. Mrudishie Kiswahili: hatusemi "tunaenda tunakula" tukitaka kusema tunaenda kula. Ile ku- ya kula imetulia, na manger itulie vilevile.

Kosa la pili ni kupachika neno katikati: "je vais à acheter", "je vais pour manger". Mwanafunzi anaitafutia ku- yetu neno lake, naye hajui kwamba mwisho wa -er, -ir, -re au -oir ndio ku- yenyewe. Kati ya vais na infinitifu hapaingii ila pas na wenzake, viwakilishi, na vielezi vifupi kama bien, bientôt, tout, vite: je vais bien dormir, il va bientôt arriver, tu vas tout manger.

Vitendo viwili mfululizo havidai aller mbili. Je vais manger et dormir inatosha.

Mtego wa sauti moja: -er, -é, -ez

Acheter, acheté na achetez zinatamkwa sawa. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu wanaoongea Kifaransa bila shida kuanguka wanaposhika biki. Wanaandika "je vais acheté" kwa sababu jana waliandika j'ai acheté na mkono umezoea.

Dawa ni kubadilisha kitenzi. Toa kitenzi chako cha -er, weka vendre mahali pake, kisha sikiliza. Je vais vendre inasikika vizuri, basi andika -er: je vais acheter. J'ai vendre haisikiki, ulimi wenyewe unataka j'ai vendu, basi andika -é: j'ai acheté. Vous vendez inataka -ez: vous achetez. Vendre inasaidia kwa sababu sura zake tatu, vendre, vendu na vendez, hazifanani kwa sauti. Ukiona vendre haiendani na maana, tumia prendre au mettre. Usitumie kitenzi kingine cha -er kupimia, kitakurudisha palepale.

Fanya jaribio hili hasa kwenye vous allez, maana ile -ez ya allez inavuta kitenzi kinachofuata. "Vous allez mangez" ni kosa la wanafunzi wazuri. Pima: vous allez vendre. Basi vous allez manger.

Hatua ya 4: Weka kiwakilishi mahali pake

Rudi kwenye nitamwona. Mw imekaa kati ya alama ya wakati na kitendo, na le nayo imekaa kati ya vais na voir. Fuata Kiswahili chako bila hofu: nitakuita, je vais t'appeler, atanisaidia, il va m'aider, tutawangojea, nous allons les attendre. Mbele ya irabu au h bubu, me, te, le na la zinakatwa kuwa m', t', l'.

Usiandike "je le vais voir". Kosa hilo linatoka kwenye passé composé (wakati uliopita, kama j'ai acheté), ambako kiwakilishi kinapanda mbele kabisa: je l'ai vu. Ukizifundisha nyakati hizi mbili katika wiki moja, ziandike kwenye ubao moja juu ya nyingine, la sivyo zitachanganyika.

Sasa mahali Kiswahili kinapokuacha mkono. M au mw yetu ni moja kwa wote: nitamwona, nitamwambia, nitampa. Haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, wala kama kitendo kinamfikia moja kwa moja au kinapita kwenye à. Kifaransa kinauliza yote mawili. Nitamwona ni je vais le voir au je vais la voir, kulingana na mtu. Nitamwambia ni je vais lui dire, kwa sababu Kifaransa kinasema dire à quelqu'un, na hapo lui inatosha kwa mwanamume na mwanamke.

Vitenzi vinavyodai lui kwa mmoja na leur kwa wengi ni vichache kiasi cha kujifunza kwa jioni moja: dire, donner, parler, demander, répondre, écrire, montrer, téléphoner, envoyer. Vinavyodai le, la au les ni kama voir, aider, attendre, appeler, écouter, chercher, regarder. Chunguza jozi hii: nitampigia simu inaweza kuwa je vais lui téléphoner au je vais l'appeler. Maana ni ileile, kiwakilishi si kilekile, kwa sababu téléphoner inafuatwa na à na appeler haifuatwi. Leur hii haipati s kamwe: je vais leur parler, hata kama ni mtaa mzima wa Nguba.

Kwa vitu, sahau ngeli. Nitakinunua, nitaununua, nitalinunua, yote yanategemea jina la Kifaransa: le sac, je vais l'acheter, la farine, je vais la préparer, les sambaza (dagaa wa ziwa Kivu), je vais les frire. Ukitaja kiasi, tumia en: nitanunua mawili, je vais en acheter deux. Ukisema je vais acheter deux peke yake, msikilizaji anangoja jina la kitu. Mahali ni y: nitakwenda huko, je vais y aller. Wapo wanaoogopa vais na aller kukaa pamoja wakidhani ni kurudia neno. Si kosa. Vais ni alama ya wakati, aller ndiyo kitendo.

Kiswahili kinaruhusu kiambishi kimoja tu cha mtendewa ndani ya kitenzi. Tunasema nitampa, na kile kitu kinabaki nje. Kifaransa kinabeba viwili: je vais te le donner, je vais le lui donner, je vais leur en parler. Kwa me, te, nous, vous, mtu anatangulia kitu. Kwa lui na leur, kitu (le, la, les) kinatangulia mtu, ila en daima inakuja mwisho.

Hatua ya 5: Vitenzi vya se

Ji- yetu ni moja kwa wote: nitajitazama, utajitazama, tutajitazama. Ndiyo maana mtu aliyekulia Kiswahili anaandika "je vais se laver" na "nous allons se voir" akiona se kama ji-. Katika Kifaransa se inabadilika kumfuata mtenda:

je vais me lever
tu vas te lever
il va se lever
nous allons nous lever
vous allez vous lever
ils vont se lever

Kinachozidi kuchanganya ni on. On va se voir demain ni sahihi, na unasikika kila siku barabarani. Mtu anabadilisha on kuwa nous ili sentensi ipendeze kwenye karatasi, anasahau kubadilisha se. Ukigeuza kimoja, geuza vyote: on va se voir, nous allons nous voir. Usiangushe hiyo nous ya pili kwa kuona imerudiwa, kwa sababu nous allons voir maana yake ni tutaona, siyo tutaonana.

Tena, vitenzi vya kawaida vya Kiswahili visivyo na ji- vinaweza kudai se: kuamka ni se réveiller au se lever, kupumzika ni se reposer, kuoga ni se laver, kukaa kitini ni s'asseoir, kuharakisha ni se dépêcher. Hapo Kiswahili hakikupi dalili yoyote.

Hatua ya 6: Kukanusha

Ne na pas zinazunguka aller, siyo kitenzi cha pili: je ne vais pas venir. Ne inakuwa n' mbele ya allons na allez tu, kwa sababu sura nyingine nne zinaanza na v: nous n'allons pas, vous n'allez pas. Kiwakilishi kinabaki pale kilipokuwa: je ne vais pas le voir, nous n'allons pas nous lever.

Mazungumzo yanaiangusha ne, "je vais pas venir". Kwenye karatasi ya shule iandike.

Wenzake pas wanakaa palepale: je ne vais plus attendre, il ne va jamais comprendre, je ne vais rien acheter, elle ne va pas encore partir. Lakini personne inakimbilia nyuma ya infinitifu: je ne vais voir personne. Que nayo inafuata nyuma: je ne vais acheter que du sel. Kuandika "je ne vais personne voir" kunafuata mantiki ya rien, na ni jambo la kusikitisha kwamba mantiki hapa haisaidii.

Ukikanusha, tazama pia kinachofuata kitenzi. Du, de la, des, un na une kwa kawaida zinageuka de: je vais acheter du sucre, je ne vais pas acheter de sucre. Le, la na les hazigeuki: je ne vais pas acheter le sac.

Kuuliza

Njia tatu. Tu vas venir ? kwa sauti ya kupanda. Est-ce que tu vas venir ? ambayo haikosei popote. Vas-tu venir ? kwa barua na mtihani. Katika njia ya tatu, va inaongezewa t ili irabu mbili zisigongane: va-t-il, va-t-elle, va-t-on. Vont haihitaji, ina t yake: vont-ils. Jina likitajwa, linabaki mbele: Bahati va-t-il venir ? Kwa kukanusha: n'allez-vous pas venir ?

Vitenzi visivyo na mtu

Il pleut inakuwa il va pleuvoir. Il faut payer inakuwa il va falloir payer. Il y a du monde inakuwa il va y avoir du monde, na ile y isipotee: "il va avoir du monde" haina maana ya kutakuwa na watu. C'est difficile inakuwa ça va être difficile.

Sentensi za kutendwa zinafuata njia hiyohiyo kwa être, na neno linalofuata être linafuata jinsia na idadi ya kinachotendwa: la route va être coupée, les prix vont être affichés.

Naenda kweli, au nitafanya?

Je vais acheter du poisson ina maana mbili. Inaweza kuwa miguu iko njiani kwenda sokoni, au ni mpango tu na mtu ameketi. Ukitaka mwendo ueleweke, taja mahali kabla ya kitenzi cha pili: je vais à Kadutu acheter du poisson. Kwa il va pleuvoir au elle va avoir vingt ans hakuna anayetembea, basi hakuna shaka.

Alama hii ya wakati inafanya kazi katika présent na, kwa jambo lililokuwa karibu kutokea, katika imparfait: j'allais sortir quand la pluie a commencé, nilikuwa karibu kutoka mvua ilipoanza. Nje ya hizo mbili, aller inarudi kuwa kwenda: je suis allé manger ni nilikwenda kula, j'irai manger ni nitakwenda kula.

Futur proche au futur simple?

Futur simple ni wakati ujao wa neno moja: tu tomberas badala ya tu vas tomber. Kiswahili kina -ta- moja kwa zote mbili, kwa hiyo swali hili linasumbua. Jina lenyewe, futur proche, linadanganya kidogo, maana ukaribu si wa saa. L'année prochaine, je vais étudier le droit ni sentensi sahihi, ingawa mwaka ni mrefu. Kinachohesabika ni kwamba jambo limeshaanza kuonekana kwa anayesema: ameamua, au ishara iko mbele ya macho. Ndiyo maana mtoto akiyumba juu ya ukuta unapiga kelele attention, tu vas tomber ! Ukimwambia tu tomberas, umekuwa mtabiri.

Hapa Kiswahili cha Kivu kina usemi unaolingana kabisa, ila unapotosha ukitafsiriwa neno kwa neno. Mawingu yakijikusanya juu ya ziwa, watu wanasema mvula inataka kunyesha. Mti ukiegemea, unataka kuanguka. Mwanafunzi anaandika "la pluie veut tomber", "l'arbre veut tomber", na msomaji wa Kifaransa anajiuliza mti ulipata wapi nia. Kila inataka ya namna hiyo, ambapo kitu kisicho na moyo kiko karibu kufanya jambo, iandike kwa futur proche: il va pleuvoir, l'arbre va tomber.

Katika barua za ofisi, matangazo na ripoti, futur simple inakubalika zaidi: la réunion commencera à neuf heures. Katika mazungumzo, futur proche inatawala.

Kwenye quand na si, Kiswahili kinarudi kukusaidia. Tunasema utakapofika, na ta imo; Kifaransa nacho kinaweka futur, kwa kawaida futur simple: quand tu arriveras. Tunasema ikinyesha, na ta haimo. Kifaransa nacho kinaweka présent: s'il pleut, je vais rester à la maison. "S'il va pleuvoir, je vais rester" ina futur mara mbili, toa ya kwanza.

Neno la wakati linaweza pia kuiharibu sentensi nzuri. Baada ya siku mbili, ukihesabu kuanzia leo, ni dans deux jours: je vais partir dans deux jours. Après deux jours inahesabu kuanzia jambo lingine lililotajwa. En deux jours ni muda ambao kazi inachukua.

Jaribu

Funika majibu, andika, kisha linganisha herufi kwa herufi.

Kesho tutavuka ziwa kwa boti.
Mama hatanunua samaki.
Nitampigia simu jioni.
Hakutakuwa na maji leo.
Mti unataka kuangukia nyumba.
Utakapofika Goma, utaniandikia?
Watalipa faranga elfu sabini.
Tutaamka saa kumi na moja.

Demain, nous allons traverser le lac en bateau.
Maman ne va pas acheter de poisson. (Siyo du poisson.)
Je vais lui téléphoner ce soir. (Au je vais l'appeler ce soir.)
Il ne va pas y avoir d'eau aujourd'hui.
L'arbre va tomber sur la maison.
Quand tu arriveras à Goma, est-ce que tu vas m'écrire ?
Ils vont payer septante mille francs. (Huku kwetu Kongo ni septante na nonante, kama Ubelgiji. Ufaransani ni soixante-dix na quatre-vingt-dix.)
Nous allons nous réveiller à cinq heures. (Kama uliandika à onze heures, futur proche yako ni nzima, lakini saa umeihesabu kwa Kiswahili: saa kumi na moja alfajiri ni cinq heures du matin, na onze heures kwetu ni saa tano.)